Milimita Kumi na Moja

Mwanzoni nilikuwa najibu kila kitu.
Cirhuza akiuliza, hajaondoa kidole bado,
jibu langu limeshatua, limepigiwa mstari.
Wote watano walikuwa wamefungwa kamba kwangu,
kati yao wenyewe hakuna kamba.
Hiyo niliiita kufundisha.

Chuo kilikuwa kimefungwa, kufuli na karatasi yenye mhuri.
Tukahamia kwenye simu: kundi moja, waraka mmoja,
swali moja la muhula mzima:
kwa nini mteremko wa Kadutu unatembea?
Wabiwa yuko Bagira, Bashige yuko Panzi kwa shangazi yake,
Kyalondawa anapanda juu ya paa kutafuta mtandao
na sauti yake inafika na kuku ndani yake.
Nsimire yuko palepale Kadutu.
Nsimire hasemi.
Alama mbili za buluu, basi. Amesoma. Amenyamaza.
Katika daftari langu niliandika: hashiriki.

Halafu Jumanne umeme ukakatika Bukavu nzima,
si ule wa saa mbili tatu tuliouzoea,
ulikatika kama mpangaji aliyehama usiku.
Simu ikafa mkononi, swali la Bashige likiwa nusu.
Saa arobaini.
Nilikaa na mshumaa nikisahihisha hewa.
Nani atawaambia kwamba udongo mwekundu hunywa kwanza,
kuteleza ni baadaye? Nani atamzuia Cirhuza
asiandike kurasa zote tisa peke yake?

Alhamisi, kwenye kibanda cha Mama Mapendo, mwenye jenereta,
faranga mia tano kila simu, kati ya waya na ndoo ya sambaza,
yangu ilitetemeka mpaka ikasogea mezani.
Ujumbe mia mbili na kumi na nne.
Walikuwa wamegombana.
Wabiwa alimwita Cirhuza nabii wa kunakili.
Cirhuza alijiondoa kundini saa nne usiku,
akarudishwa saa nne na dakika sita.
Bashige alimtumia Kyalondawa megabaiti mia:
usinirudishie, nirudishie ukurasa wa tatu.
Kuhusu mvua walikosea. Kuhusu miti walikosea pia,
lakini lilikuwa kosa zuri,
lina alama za vidole vya watu wanne.

Kidole changu kilishaanza: Hapana, sikilizeni,
nikafuta.
Nikafungua waraka. Historia ya waraka haina aibu,
inasema nani aligusa nini, na saa ngapi.
Saa tisa usiku, vifurushi vikiwa bei ya chini:
Nsimire.
Saa tisa usiku: Nsimire.
Siku kumi na sita mfululizo, chini kabisa, baada ya marejeo,
mahali ambapo mimi sikuwahi kushuka,
jedwali.
Tarehe, mvua au hakuna mvua, milimita.
Mbili. Mbili. Tatu. Tatu. Tano.
Rula ya shule, ukuta wa jikoni.
Jana: kumi na moja.

Wahenga walituachia neno kuhusu kuziba ufa.
Kuhusu kuupima hawakusema lolote,
kila usiku, wadogo zako wamelala upande wa pili.

Niliandika mstari mmoja, kwa wote:
Nani kati yenu ameshuka mpaka chini ya ukurasa wa tisa?
Nikailaza simu kifudifudi
nikamwangalia Mama Mapendo akipima samaki kwa kikombe.
Haikupita dakika, nikaigeuza.
Wabiwa anaandika. Bashige anaandika.
Cirhuza anaandika, anafuta, anaandika.
"Nsimire, huo ukuta ni wa kwenu?"
"Mnalala wangapi?"
"Kwa shangazi kuna chumba. Kibovu, ila kimekaa juu ya jiwe."
Mvua hakuna aliyeitaja tena. Ilikuwa imeanza,
niliisikia kwenye bati la kibanda.

Sikujibu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.
Betri asilimia kumi na tisa.
Kisha jina ambalo sikuwahi kuliona likiandika
likaandika neno tunalolisema asubuhi
mwalimu akiita majina:

Niko.