Zamu ya Usiku, Hanford

Upepo umeamka tena. Magugu makavu yanabingirika
usiku kucha, yanajazana ubavuni mwa bomba
kama watu waliosikia kuna mgao wa unga.
Asubuhi Eulalia Barragán atayafunga robota,
atalaani, atavuta sigara moja.
Hajali mashimo meusi. Anajali ekseli ya trekta.

Ndani, Tormod Vik anasikiliza,
si kwa sikio, kwa vioo
na mwanga uendao kilomita nne na kurudi.
Mashimo mawili yaligongana
dunia haijaota hata ukoka.
Mtikisiko umefika leo, saa tisa kasoro, hoi,
umepita ndani ya kikombe chake cha kahawa
bila kumwaga.

Lakini si huo anaoutaka.
Anatafuta mwizi.

Kuna chembe, wanasema, nyepesi
hata neno "nyepesi" ni mzigo kwake.
Taa haiioni. Sumaku haiijui.
Ila ikikuta shimo linalozunguka kama pia ya mtoto
hulizingira, hudokoa mbio zake,
huzaana, huwa wingu, wingu hunenepa,
na shimo hupunguza mwendo
lisijue nani kalichosha.
Wingu lililoshiba huvuma.
Noti moja. Karne kwa karne, noti ileile.

Lisemwalo lipo; kama halipo, laja.
Wahenga hawakutaja tarehe,
wala noti.

Basi Tormod hupekua kama askari wa zamu:
nani angepaswa kwenda mbio, na haendi?
Jumanne alikuta shimo zito, la kale, linazunguka kwa fujo,
halijaibiwa hata chembe.
Akainuka, akafuta mstari mmoja ubaoni:
mwizi wa uzani huu hayupo.
Mwaka wa sita huu, anafuta.

Kumepambazuka. Wanakutana getini.
"Umempata?"
"Nimejua asipokuwepo."
"Mama alitafuta pete yake hivyo, chumba kwa chumba."
"Akaipata?"
"Wapi! Ila nyumba haijawahi kung'aa vile."

Anapanda, anawasha trekta.
Ndani, kwenye kioo cha kompyuta kisicho na mtu,
mstari wa kijani unaruka:
mtikisiko wa karibu, tani tatu,
wenye jina.