Punda wa Otari

Kutaisi, mvua ya Machi. Maktaba ya mtaani,
viti arobaini, watu sitini,
makoti yamelowa, yananuka kondoo.
Nimefunga duka la dawa saa nzima kabla ya wakati.
Mwenye kikohozi anisamehe,
hata mimi leo nina homa yangu.

Miaka ishirini na miwili nimeishi na kitabu chake.
Jalada lilishakwenda. Ukurasa wa tisini una doa la chai,
la mume wangu, Mungu amlaze pema,
aliyezoea kuniuliza:
“Huyo Otari wako kakupa nini leo ambacho mimi sina?”

Kichwani mwangu alikuwa na sauti nzito,
sauti ya pipa, ya kengele ya kanisa.
Kumbe!
Kaingia kajizee kafupi, sweta limefumuka kiwikoni,
anatafuta miwani iliyo juu ya kipaji chake,
na sauti, jamani, nyembamba,
sauti ya mlango wa kabati.
Nikanywea. Nikatazama saa.

Kisha akafika pale,
pale Bidzina anapomzika punda wake kwenye theluji,
pale nilipolia kila nilipopita,
wee, akaanza kucheka!
Akasoma huku pumzi zinamkatika,
akafuta macho kwa ncha ya tai,
ukumbi ukapasuka,
nami nikapasuka nao,
maana sasa nilisikia: punda mkubwa, shimo fupi,
miguu minne imebaki juu
kama wanafunzi wanaoomba ruhusa.
Imeandikwa hivyo hivyo, tangu mwanzo.
Mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti ya mjane
hata kabla sijafiwa.

Foleni ya saini. Hotuba niliyoipanga wiki nzima
imeyeyuka kama kidonge ulimini.
Nikasema tu: “Doa hili ni la mume wangu.”
Akaliinamia, karibu pua iguse karatasi,
akalizungushia duara kwa kalamu,
akaandika pembeni: *Msomaji wa pili.*
Akauliza kama alipenda sukari.
“Vijiko vitatu,” nikasema, na nyuma yangu
mtu akaguna kwa kuchoka kungoja.

Usiku, nimevua viatu vilivyojaa maji,
nikakaa jikoni, nikasoma habari za punda kwa sauti,
nyembamba kadiri koo lilivyoweza.
Jirani wa juu akagonga sakafu.
Nikarudia, tangu theluji ilipoanza.