Hajaja

Oktoba, kabla udongo wa Saskatoon haujawa jiwe,
Bi Verna wa nyumba ya pili alinipa vichwa viwili vya kitunguu saumu.
Tenganisha punje, akasema. Ncha juu, kitako chini.
Kisha funika kwa nyasi kavu, kisha sahau.

Sahau! Mimi?
Mimi niliyehesabu miezi kumi na minne
tangu nitume karatasi za Ambakisye:
cheti cha ndoa chenye muhuri wa Moravian, Tukuyu,
na picha kumi na mbili za kuthibitisha kwamba tunapendana
(katika ya tatu jino lake limevunjika, anacheka hivyo hivyo).

Kila nitokapo zamu ya usiku,
nikiwa nimewageuza wazee sita vitandani na kuwaosha,
naketi kituo cha basi, navua glavu moja kwa meno,
nafungua ukurasa ule ule:
Ombi lako linashughulikiwa.
Kidole kinaganda kabla moyo haujaganda.

Nyumbani wananitumia methali kama watu wanaotuma vocha.
Subira yavuta heri, dada Subilaga.
Nami nimevuta. Nimevuta mpaka viganja vimechubuka,
na huko mwisho wa kamba sijui kama kuna heri
au kuna mtu mwingine naye anavutia kwake.

Desemba, nyuzi thelathini chini ya sifuri, nikatenda dhambi ndogo.
Nilitoka na koti juu ya gauni la kulalia,
na patasi ya mwenye nyumba mkononi.
Nikapangua theluji, nikapangua nyasi,
nikagonga, nikachokoa punje moja
nione kama Mungu yuko kazini.

Ilikuwa na mizizi.
Myeupe, mifupi kama meno ya mtoto,
imeng'ata bonge la barafu, haitaki kuachia.
Niliirudisha haraka, nikaifunika, nikaipigapiga kama mgongo wa mtoto.
Lakini kilichochokolewa hakirudi kilivyokuwa.
Bwana, uliniona. Dirisha la jikoni lilikuwa na taa.

Bi Verna hakunigombeza.
Alisema tu kwamba kitunguu hiki bila baridi hakigawanyiki,
hutoka bonge moja la mviringo, halina punje,
na ukitaka vingi sharti kilale gizani, kipigwe na majira.
Sikumjibu. Sikuwa na hamu ya mahubiri siku ile.
Nilikwenda kulala na soksi miguuni.

Zamani niliomba kama wakili:
hoja ya kwanza, hoja ya pili, vielelezo.
Siku hizi nachemsha chai, natoa vikombe viwili kwa mazoea,
kimoja nakirudisha kabatini.
Simu inasema saa saba ya asubuhi, ulimi wangu unasema saa moja.
Nimeshajua kuishi na saa mbili, Baba.
Nifundishe na hiyo ya tatu, ya kwako,
ambayo mishale yake siioni.

Asubuhi nyingine hata hilo silisemi.
Nakunywa chai tu, Naye yupo.

Mei. Theluji imebaki kwenye pembe za uzio.
Machipukizi kumi na moja yamesimama, kijani kikali,
na pengo moja, upana wa patasi.

Bi Verna anaegemea uzio, anauliza kama mume wangu amekuja.
Natafuta neno katika lugha yake, silipati lenye kipimo.
Kwetu kuna hakuja, na huo ni mlango uliokomelewa.
Na kuna hajaja,
mlango umerudishwa tu, taa ya barazani inawaka,
ja mbili zimeketi pamoja, moja ikiingoja nyingine.

Hajaja, namwambia, kwa Kiswahili changu.
Anatikisa kichwa kana kwamba ameelewa,
ananipa jembe dogo juu ya uzio.
Magugu nayo yamewahi kuota.