Kifaa cha Elfu Tisa

Dukani kwa Atsiaya, nyuma ya soko la Nakuru,
vitatu juu ya kaunta, kila kimoja na kiapo chake:
cha elfu kumi na nane huongea kwa sauti ya kike,
cha elfu tisa hulia tu, pii, pii,
cha tatu ni cha simu, bure, ila hula bando.

"Kinaijua Salgaa?"
"Kamera zote, mzee."
"Na lori lililozimika Sachang'wan usiku,
onyo lake matawi mawili juu ya lami?"
Atsiaya akakuna shingo.
"Hilo, mzee, tumia macho."

Nikabeba cha elfu tisa.
Faini moja ingekimeza,
na wanaonipigia taa siku hizi
sijui kama wananionya au wananisalimu.

Sasa kila jioni, nikifika Ngata,
kinapiga kelele pasipo kamera.
Iliondolewa zamani; kifaa hakijaambiwa.
Mguu unalegea wenyewe,
themanini, sitini, arobaini,
na Tapsubei wa mahindi ya kuchoma
ameshapaka langu ndimu na pilipili.
"Leo umechelewa," asema.