Tui la Kwanza, Tui la Pili

Kwenye kadi ya dukani zina namba tu:
mia moja kumi na nne, mia moja kumi na sita.
Mimi nilizibatiza jikoni:
hii tui la kwanza, ile tui la pili.
Fundi Nampota akapaka miraba miwili
ukutani sebuleni, juu ya kochi,
kila mmoja upana wa sinia,
akaondoka akisema, "Mkiamua, mnibipu."

Huo ulikuwa mwezi wa kumi.

Asubuhi, ukungu wa Newala ukipanda kutoka bondeni
na kuingia dirishani bila hodi,
hakuna miraba. Ukuta wote mgonjwa mmoja.
Saa sita, jua likikaa sawa,
la kwanza linajaa, lina mafuta ndani yake;
la pili linarudi nyuma, kama mtu
aliyekuja kukopa akakuta wageni.
Na jioni, kwa kuwa jirani yetu Somoe
kaezeka bati la kijani,
mwanga unaruka kutoka kwake hadi kwetu
na tui la pili linachacha.

Mume wangu haoni tofauti. "Nyeupe na nyeupe,"
anasema mtu ambaye ghalani
hutia mkono guniani na kukwambia
hizi daraja la kwanza, hizi zina unyevu.
Nikamwambia: haya, weka kidole.
Akaweka. Akanyamaza.
"Zimekauka zote."

Shemeji akaja na lake: pakeni bluu.

Malipo ya mnada yakafika nusu.
Dukani, la kwanza likabaki ndoo moja.
Nikaenda Masasi kumzika shangazi, siku nne;
narudi, nyumba inanuka rangi hadi barabarani,
Nampota yuko uani anaosha brashi.
"Moja haikutosha, mama.
Nikaichanganya na ile nyingine."

Nilikuwa na maneno. Mengi.
Lakini nilikuwa nimetoka kulia, sauti haikuwapo,
nikabaki mlangoni na mkoba begani
natazama rangi isiyokuwa na namba.

Wageni wakiuliza, nasema niliichagua mwenyewe,
miezi mitatu, si mchezo.
Chini, usawa wa magoti, vumbi jekundu
limeshaanza kuchagua la kwake.

Ila saa sita, jua likikaa sawa,
juu ya kochi miraba miwili inachungulia
chini ya mkono mmoja wa rangi wa Nampota.
Hapo hata mume wangu huiona.
Anaweka kikombe chini, anainamisha kichwa.
"Wa kushoto," anasema,
"ndio uliokuwa mzuri."