Diski ya Tatu

Diski mbili za zamani zimejaa hadi shingoni.
Ya tatu kaja nayo Mihayo wiki iliyopita, kwa treni,
imeviringishwa gazeti, juu ya gazeti shuka,
tupu kama debe la asali mwezi wa pili.

Niliichomeka. Taa ikawaka.
Kompyuta ikajibu: hakuna nafasi.
Ipo, nikasema kwa sauti, hiyo hapo, terabaiti nzima,
imekaa kando ya wenzake kama mgeni wa harusini
aliyepewa kiti, hakuambiwa ashike nini.

Kuongeza si kugawa.
Picha hazihami kwa kuona nyumba mpya imejengwa;
zinalala zilipolala siku ile ya kwanza
hadi mtu aandike amri, akae macho.

Ni za studio ya baba, hapa Isevya, miaka thelathini na minane:
maharusi wa Kiarabu na wa Kinyamwezi
mbele ya pazia lile lile la maporomoko ya maji,
makarani wa reli ndani ya koti moja la kuazima, zamu kwa zamu,
mtoto wa Mlekwa, aliyewahi picha moja tu duniani.

Nikaandika amri ya kusawazisha.
Nilianza na mabonge yaliyojaa robo, kisha nusu, ndipo yote:
ghala likifurika
unaanza na magunia yaliyopwaya, upate pa kukanyaga.

Bonge likasogea. Jingine.
Linanakiliwa kwanza upande wa pili,
linahakikiwa tarakimu kwa tarakimu,
ndipo pa zamani panaachiwa.
Hakuna bibi harusi aliyejua kahamishwa.
Jina la faili ni lile lile; amtafutaye atamkuta.

Saa nane usiku umeme ukakatika.
Betri ikalia kama kifaranga, ikanyamaza.
Sikufichi, niliogopa: baba angekufa mara ya pili.
Na gizani, chumba cha pili,
nikamsikia Wande akimgeuza mama ubavu
kama alivyomgeuza jana, na juzi, na miaka sita,
beseni likigusa sakafu,
“haya mama, mkono huu sasa.”
Sebuleni Mihayo anakoroma, viatu kavipanga mlangoni.
Tangu afike anasema: nyumba sasa ina watu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Tuliiandika sote shuleni, tukapigiwa vema nyekundu.

Umeme ulirudi kabla ya adhana.
Mashine ikaamka, ikakumbuka ilipoishia,
bonge la mia mbili na kumi na moja
kati ya elfu moja na mia tisa.
Haikuanza upya. Haikumlaumu mtu.

Nikaenda sebuleni, nikamgusa Mihayo bega.
Sikumhutubia. Nilimpa beseni.
“Maji yawe vuguvugu. Anza na miguu, haimuumi sana.”
Akalishika kwa mikono miwili
kama mtu asiyejua juu ya kitu ni upande upi.

Saa tatu asubuhi: ya kwanza asilimia themanini na moja,
ya pili sabini na tisa,
ya tatu thelathini na sita, inapanda, imeanza kupata joto.
Wande bado amelala, mdomo wazi.
Na mama, nyuma ya ukuta, anauliza:
nani huyu, mikono baridi hivi?