Teke la Bunduki Nyepesi

Oddleif ameikwangua bunduki yangu majira yote ya baridi.
Kitako amekitoboa ndani kama mwanzi,
mtutu ameuchonga mifuo mpaka umekonda,
hata skrubu amezipunguza vichwa.
"Kilo mbili na robo," anasema, "na darubini juu yake,"
kisha ananiachia niining'inize kwa kidole kimoja,
mtu ambaye hajatabasamu tangu Krismasi.

"Sasa niambie itakula nini."

Anapanga risasi tatu juu ya gazeti la juzi.
Dirishani, bonde la Rjukan bado liko kivulini;
jua litatufikia Machi, likipenda.

Ya kwanza nono, ganda pana, shingo fupi.
Hiyo ndiyo aliyoniapia shemeji yangu Gaute:
mita mia tano, anasema, na haijainama!
Gaute, ambaye kulungu wake wote
wameanguka hatua themanini kutoka kwenye gari.

Ya pili, saba nukta sita mbili, risasi ya jeshi.
Haina makuu. Utaipata
kila duka linalouza ndoano na mabuti.

Ya tatu nyembamba, ndefu, ya zamani:
sita na nusu kwa hamsini na tano.
Bibi Gunnvor alizihifadhi kwenye kopo la kahawa,
na kahawa yetu ikanukia baruti.

Hesabu naijua.
Bunduki ikipungua uzito, teke haliendi likizo.
Kila gramu niliyokataa kupanda nayo mlima
itanisubiri begani siku nitakayobonyeza.
Na bega hili lina skrubu mbili za daktari;
hizo Oddleif hawezi kuzipunguza vichwa.

"Mchagua jembe si mkulima," ananung'unika,
akifuta mafuta vidoleni.

Lakini si bega.
Mwaka ule wa ukungu, juu Hardangervidda,
nilibeba bunduki ya kuazima, nyepesi,
mkorofi kama punda wa kukodi.
Asubuhi nzima ilikuwa imenifunza kuogopa,
na jike alipotoka nyuma ya jiwe
nilifumba jicho kabla ya mlio.
Akageuka. Akaondoka, mgongo umejikunja.
Nikafuata matone juu ya kuvu jeupe la mawe
mpaka giza likayanywa.
Kulipokucha nilimkuta amelala, pua kwenye upepo,
anapumua,
ananiangalia nikija.

Hilo halimo kwenye majedwali ya kasi na baruti.

"Hii," nasema. Nyembamba.
Ikinipiga, inanipiga kama mtu anayeniamsha,
na jicho linabaki wazi.
Mita mia mbili. Zikizidi, nitatambaa;
magoti bado ni yangu mwenyewe.

Oddleif haulizi. Anachomoa penseli sikioni,
anaandika namba kwenye utepe wa mtutu,
anapuliza vumbi ambalo halipo.

Jioni, kwenye duka la mikate, natafuta sarafu
na mkono unatoka na ile nono ya Gaute,
ganda tupu la mfano, baridi, zito kuliko nilivyodhani.
Sijui niliitia mfukoni saa ngapi.
Binti wa kaunta anaitazama, ananitazama.
Naomba radhi,
na mkate wa shayiri, nusu.